Kombe la Challenge Likifa, Zanzibar Itacheza Wapi?

Jumapili ile ya tarehe 17 Desemba, 2017, mkahawa mmoja wa pale Makina, Kibera, ulikuwa umejaa watu hata mwenyewe akawa hana pa kupita na birika lake la chai. Vijana walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, wengine wamening'inia madirishani, na wote macho yao yalikuwa kwenye televisheni moja ndogo iliyofungwa juu ya kabati la mandazi. Huko Machakos, Harambee Stars ilikuwa ikitoana jasho na Zanzibar katika fainali ya Kombe la Challenge. Mlinda lango wetu Patrick Matasi alipozuia mkwaju wake wa tatu wa penalti na Kenya ikawa bingwa, lo! vikombe vya chai viliruka, na sijui hata leo ni nani aliyevilipia.

Katika ghasia hiyo yote mtu mmoja hakuinuka. Alikuwa mzee wa Kinubi, mwenyeji wa Makina toka kuzaliwa kwake, kofia kichwani na fimbo kati ya magoti. Nilidhani pengine ni mgonjwa, nikamwinamia.

"Mzee, hukufurahi? Tumechukua kikombe."

"Nimefurahi, mwanangu, kwa nini nisifurahi? Mimi ni Mkenya kama wewe." Akanyamaza kidogo. "Lakini nyinyi mngeshindwa leo, kesho mna mahali pengine pa kwenda kujaribu. Wale wakitoka hapo hawana pengine. Wanarudi nyumbani kungoja hiki hiki."

Wakati huo nilimwona mzee anatuharibia sherehe. Lakini maneno yake hayakunitoka kichwani, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuona kwamba katika mkahawa ule mzima yeye peke yake ndiye aliyeutazama mchezo wote. Sisi wengine tulikuwa tukiitazama Kenya tu.

Hebu tuanze na mchezo wenyewe, kwa kuwa wako waliousahau. Kenya ilipata bao la mapema kabisa, dakika ya tano, kwa mkwaju wa adhabu wa Ovella Ochieng. Tukajua kazi imekwisha. Kumbe! Zikiwa zimebaki dakika chache tu kipenga kipulizwe, Khamis Makame akasawazisha. Katika dakika za nyongeza Masoud Juma akatupa bao la pili, na kabla hatujamaliza kukumbatiana Makame yule yule akarudisha tena. Mbili kwa mbili. Ikabidi penalti ziamue, tukashinda tatu kwa mbili. Hivyo ndivyo tulivyoupata ubingwa, kwa mikono ya Matasi. Na timu hiyo tuliyoponea chupuchupu mbele yake ndiyo iliyokuwa imekwisha wafunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja na kuwatoa Uganda katika nusu fainali kwa mabao hayo hayo mawili kwa moja. Hata sisi wenyewe katika kundi letu tulitoka nayo sare ya bila kwa bila.

Sasa msomaji ajiulize: timu ya namna hiyo iliondoka Machakos ikaenda wapi? Kenya ilikuwa na safari zake za Kombe la Afrika, na za Kombe la Dunia. Uganda vivyo hivyo. Rwanda, Burundi, Tanzania, wote. Zanzibar ilirudi visiwani, ikapokelewa kwa shangwe kana kwamba kikombe kimekuja, halafu ikakaa kungoja Challenge ya mwaka uliofuata. Na Challenge ya mwaka huo wa 2018 haikuchezwa.

Ili tuelewe jambo hili tulianze mbali kidogo, tena tulianzie kwenye sabuni.

Mashindano haya ni makongwe kuliko mengi yanayosifiwa leo. Wako wanaoyataja kuwa ndiyo ya kale zaidi barani Afrika kati ya nchi na nchi. Yalianza mwaka 1926, Kenya na Uganda peke yao, na kikombe kiliitwa Gossage kwa jina la kampuni ya William Gossage ya mji wa Widnes, Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza sabuni na kuiuza katika makoloni. Basi mzungu alitaka tununue sabuni, akatuletea kikombe. Sina haja ya kumtukana kwa hilo, maana hata leo vikombe vyetu vinaletwa na wenye bia, wenye simu na wenye kamari, na sabuni angalau ilikuwa ikimsafisha mtu. Neno ninalotaka kulitia maanani ni jingine. Kikombe cha Gossage hakikuulizwa kamwe kama wanaokishindania ni nchi. Kenya ya 1926 ilikuwa koloni, Uganda ilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Hakuna aliyekuwa na bendera yake wala kiti chake popote duniani. Waliulizwa jambo moja tu: mna timu?

Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya arobaini ikaja Zanzibar, iliyokuwa chini ya Sultani wake na Mwingereza wake. Kuanzia hapo mashindano yakawa ya watu wanne. Kisiwa cha karafuu kikakaa meza moja na majirani wa bara waliokizidi ukubwa mara nyingi sana. Na kusema kweli walikuwa wakipigwa. Katika miaka yote ya Gossage hadi 1966, Zanzibar haikukichukua kikombe hicho hata mara moja, na Uganda ndiyo iliyokinyakua mara nyingi kuliko wote. Lakini mwaka ukizunguka, Wazanzibari hao, wanapanda chombo, wanakuja tena. Ndivyo wanavyofanya watu wanaojua kwamba nafasi yao ni halali yao, ushindi uwepo au usiwepo.

Kisha ukaja uhuru. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili mwaka huo huo Zanzibar na Tanganyika zikaungana zikawa nchi moja. Hapo ndipo mtu angetazamia timu ya visiwani ife kifo cha kimya. Haikufa. Mambo ya michezo hayakutiwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ikabaki na chama chake cha kandanda, ligi yake na mabingwa wake. Kikombe cha sabuni kilipobadilishwa jina mwaka 1967 kikawa Challenge, na kilipotiwa mikononi mwa CECAFA mwaka 1973, kiti cha Zanzibar kilikuwa pale pale. Majirani wote tulikubaliana bila makelele kwamba undugu wa siasa ni mmoja na timu za mpira ni mbili. Hakuna ambaye dari lilimwangukia.

Nao hawakuwa wageni wa kuja kula na kuondoka. Waliyaandaa mashindano haya kwao mwaka 1976, wakayaandaa tena 1990. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 baada ya kujengwa kwa msaada wa Wachina, umeona mabingwa wa nchi zetu hizi wakipita juu ya nyasi zake. Sisi Wakenya tunaikumbuka zaidi miaka ya 1981, 1982 na 1983, tulipochukua kombe mara tatu mfululizo, enzi za Mahmoud Abbas, yule mlinda lango wa kutoka Pwani ambaye watu walimpachika jina la Kenya One. Hapa Kibera redio moja ilikuwa ikisikilizwa na nyumba sita. Mtu alikuwa akiiweka dirishani kwa hisani, na Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, akifikisha mpira kwenye eneo la hatari hata mama aliyekuwa akikaanga samaki alikuwa akiacha mwiko hewani. Nasema haya si kwa kujitapa. Nasema ili msomaji kijana ajue kwamba Kombe la Challenge lilikuwa jambo kubwa mitaani kabla ya watu wetu kuanza kugombana kwa ajili ya Arsenal.

Halafu ukaja mwaka 1995. Mashindano yalikuwa Uganda, na Waganda kwao huwa hawachezewi. Zanzibar ikafika fainali, ikawakuta wenyeji, ikawafunga bao moja kwa bila. Timu iliyokuwa imekuja na kurudi mikono mitupu karibu nusu karne ikavuka bahari na kikombe. Hadi leo hilo ndilo Kombe la Challenge pekee ambalo Zanzibar imelitwaa. Moja tu. Lakini ziko nchi kubwa, zenye majeshi na mabalozi, ambazo hazijalishika hata hilo moja.

Nimekwisha kusema yaliyo matamu. Sasa machungu.

Kombe la Challenge ni la ukanda wetu. Mlango wa kutokea kwenda Afrika unashikwa na CAF, na mlango wa dunia unashikwa na FIFA. Mwaka 2004 CAF iliipa Zanzibar uanachama wa nusu nusu, ule wa kuruhusu vilabu vyake kushindana lakini si timu ya taifa. Mwaka 2005 FIFA ikaombwa, ikakataa. Miaka ikapita. Kisha tarehe 16 Machi, 2017, mkutano wa CAF huko Addis Ababa ukapiga kura na Zanzibar ikawa mwanachama kamili, wa hamsini na tano. Visiwani watu walicheza ngoma. Ngoma yenyewe ilidumu miezi minne. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, katika mkutano wa Rabat, uanachama ukafutwa, na sababu iliyotolewa na rais wa CAF, Ahmad Ahmad, ni kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Bwana Ahmad huyo anatoka Madagascar. Tuliofundishwa jiografia na walimu wenye viboko tunakumbuka kwamba Madagascar nayo ni kisiwa.

Basi vijana tuliowaona Machakos Desemba ile walikuwa watu waliofunguliwa mlango mwezi wa tatu na kufungiwa mwezi wa saba. Ukilijua hilo, mabao mawili ya Khamis Makame yanaonekana kwa sura nyingine kabisa.

Wako watakaonijibu kwamba sheria ni sheria. Zanzibar si dola. Haina kiti Umoja wa Mataifa. Na kila mkoa wenye wachezaji kumi na mmoja ukidai timu ya taifa, Afrika itakuwa na timu mia tatu. Hoja hiyo naiheshimu. Na iko nyingine nzito zaidi: Mzanzibari hodari hanyimwi mpira wa dunia, kwani anaitwa Taifa Stars. Feisal Salum alivaa jezi ya Zanzibar hapa kwetu 2017, na jezi ya Tanzania anaivaa pia. Kwa nini basi watu wa visiwani wale sahani mbili na wengine sahani moja?

Lakini sheria hiyo inayosemwa ni chuma, mbona mahali pengine ni ulimbo? Dola la Uingereza ni moja, na lina timu nne katika FIFA. Visiwa vya Faroe, huko baharini kaskazini, viko chini ya Denmark. Vilipokelewa FIFA mwaka 1988, na mwaka 1990, watu wake hawajafika hata elfu hamsini, viliwafunga Austria bao moja kwa bila. Mchezo huo wa nyumbani waliuchezea Uswidi, kwa sababu kwao hawakuwa na kiwanja hata kimoja cha nyasi kinachofaa. (Msomaji wa Kibera anayecheza kwenye vumbi na mawe ya uwanja wa Kamukunji acheke taratibu.) Gibraltar ni mwamba mmoja wa Mwingereza wenye watu ambao tungeweza kuwaingiza wote Kasarani na nafasi ikabaki. Imo FIFA tangu 2016. Zanzibar, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ina watu 1,889,773. Kibera yetu peke yake, kwa hesabu ya serikali ya 2009 ambayo mpaka leo watu wa hapa hawaikubali, ilipewa watu 170,070, na hata hiyo inaizidi Faroe na Gibraltar zikiwekwa pamoja. Simwambii mtu kwamba Kibera iingie FIFA. Nasema tu kwamba ikiwa ni udogo, Zanzibar si ndogo. Na ikiwa ni kukosa dola, wako wengi ndani ya nyumba hiyo wasiokuwa nalo.

Na visiwa vidogo vikipewa nafasi hufanya nini? Tazama majirani wa Zanzibar katika bahari ile ile. Komoro, watu wa damu, dini na lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, waliingia FIFA mwaka 2005. Januari 2022, huko Cameroon, katika Kombe lao la kwanza la Afrika, waliwafunga Ghana mabao matatu kwa mawili wakawarudisha kwao. Mchezo uliofuata walikosa walinda lango wote, wakamtia golini beki, Chaker Alhadhur, na bado wenyeji wakawashinda kwa tofauti ya bao moja tu, mawili kwa moja. Visiwa vya Bahari ya Hindi vina michezo yao pia, iliyoanza Réunion mwaka 1979, na humo mpira wa miguu ndio unaotoa roho za watu. Shelisheli, nchi ya watu wapatao laki moja, ilichukua dhahabu ya kandanda nyumbani kwake mwaka 2011. Wanacheza Mauritius, wanacheza Madagascar, na Komoro. Wanacheza hata Réunion na Mayotte, ambayo si madola bali ni ardhi ya Ufaransa. Réunion imelichukua taji hilo la kandanda zaidi ya mara moja. Zanzibar, kisiwa kilichokuwa mlango wa bahari hiyo kwa karne nyingi, haimo.

Ilipata kualikwa mahali pamoja. Mwaka 2006, mtaa mmoja wa mji wa Hamburg, Ujerumani, unaoitwa St. Pauli, mtaa wa mabaharia na klabu yenye mashabiki vichaa, ulijitangaza kuwa jamhuri ya mchezo na kuwaita watu wasiotambuliwa na FIFA waje kushindana. Wakaja Greenland, wakaja Tibet, wakaja Gibraltar, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijafunguliwa mlango, wakaja Kupro ya Kaskazini, na Zanzibar ikaja. Zanzibar ikafika fainali, ikashindwa na Kupro ya Kaskazini kwa penalti. Angalieni jinsi penalti zinavyowaandama watu hawa. Lakini mimi kisa hicho nakipendea jambo jingine: kwamba waliowafungulia mlango hawakuwa serikali wala shirikisho, walikuwa watu wa mtaa. Wa mtaa kama huu.

Hapa ndipo naomba niseme kwa nini mtu wa Kibera anajitia katika mambo ya Unguja na Pemba. Wanubi waliletwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, askari wa Mwingereza na jamaa zao, wakapewa msitu wa zaidi ya eka elfu nne wakae. Wakaujenga, wakauita Kibra kwa lugha yao, wakazika wazazi wao ndani yake. Karatasi hawakupewa. Vizazi vikapita wakiitwa wakaaji wa muda juu ya makaburi ya babu zao. Katika ramani nyingi mahali petu palionekana kama pori tupu, mpaka mwaka 2009 vijana wa hapa hapa walipoanza kupachora wenyewe, njia kwa njia, choo kwa choo. Na hati ya ardhi ya Wanubi ilitolewa Juni 2017, ya eka 288. Yaani ni mwaka ule ule. Mzee wangu wa mkahawani alikuwa na miezi sita tu tangu jumuiya yake ipate karatasi aliyoingoja maisha yake yote, alipokaa akitazama timu iliyonyang'anywa ya kwake mwezi mmoja baadaye. Alijua alichokuwa akikitazama.

Ndiyo maana mimi silii sana juu ya CAF na FIFA. Wazanzibari watapambana nao, na pengine watashindwa tena. Ninalolilia liko karibu zaidi, nalo liko mikononi mwetu. Kombe la Challenge lenyewe linakufa, na sisi majirani ndio tunaoliua.

Hesabuni wenyewe. Mwaka 2014 halikuchezwa. Mwaka 2015 likachezwa Ethiopia. 2016 halikuchezwa. 2017 likachezwa hapa kwetu. 2018 halikuchezwa. 2019 likachezwa Kampala. Mwaka 2021, huko Bahir Dar, likapewa vijana wasiozidi miaka 23. Kila mara kuna udhuru: mwenyeji kajitoa dakika za mwisho, fedha hazikupatikana, kalenda imebana, vilabu vya Ulaya havikutoa wachezaji. Na kila mara nchi kubwa husema hakuna hasara, tutapata mechi za kirafiki. Kocha wa Kenya hata hufurahi. Challenge kwake ni kijimashindano cha Desemba cha kujaribia vijana. Anayo haki ya kusema hivyo, ana kwingine.

Kwa Kenya, Challenge isipochezwa ni mwaka mmoja wa burudani umepotea. Kwa Zanzibar ni timu nzima ya taifa imekosa kuwapo. Mtoto wa Makunduchi aliyezaliwa mwaka ule wa Machakos anaweza kumaliza shule ya msingi na kuanza ya sekondari akiwa ameiona timu ya wakubwa ya visiwa vyake katika mashindano ya ukanda huu mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Timu isiyocheza huwa ni hadithi tu ya wazee, kisha wazee nao huondoka.

Wao wenyewe hawakukaa kungoja kuonewa huruma. Januari 2025 walilichukua Kombe la Mapinduzi, ambalo kwa kawaida ni la vilabu, wakaligeuza likawa la timu za taifa, wakalipeleka Pemba katika uwanja wa Gombani. Wakaialika Kenya, wakaialika Bara, wakaiita na Burkina Faso kutoka magharibi ya mbali. Harambee Stars ilirudi nyumbani bila kuiona fainali. Zanzibar ikawafunga Burkina Faso mabao mawili kwa moja na kukaa na kikombe chao. Hongera kwao. Lakini ni jambo la aibu kwamba mtu aliye na kiti katika mashindano yaliyoanza 1926 alazimike kuandaa karamu nyumbani kwake ndipo apate wa kula naye.

Na Agosti mwaka huo huo wa 2025 tukaona kioja. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CAF ya wachezaji wa ndani, yale ya CHAN. Kundi zima lilipelekwa Amaan: Senegal, Kongo, Sudan, Nigeria. Sudan wakawatandika Nigeria mabao manne kwa bila pale pale Unguja. CAF iliona uwanja wa Zanzibar unafaa, taa zinafaa, hoteli zinafaa, na mashabiki wanaojaza viti wanafaa. Kilichokosa kufaa ni timu ya wenye uwanja.

Sisi huku Nairobi hatukuwa na muda wa kuliona hilo, kwani tulikuwa na msiba wetu. Katika robo fainali, Kasarani, kisiwa kilitutoa. Madagascar, moja kwa moja, halafu penalti. Nilikuwa Makina tena usiku ule. Mkahawa ni ule ule, televisheni ni kubwa zaidi, na kimya kilikuwa cha matanga. Mzee hakuwapo, nikampitia nyumbani kwake kesho yake, nikamkuta amekaa kibarazani, magari ya Toi yakipiga honi huko nyuma. Nikamwambia watu wa kisiwani wametulipa ya Machakos. Akacheka hata akakohoa.

"Hao si wale," akasema. "Wale bado wanatudai. Hivi Challenge itachezwa lini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 2027 Kombe la Afrika lenyewe linakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na viongozi wetu wa kandanda wamekwisha kuanza kupigwa picha wakiwa na kofia za ujenzi. Wanaokaa katika vikao vya CECAFA kwa niaba ya Kenya, bingwa wa 2017 kwa mikono ya Matasi, waache kofia hizo kidogo, watwambie jambo moja. Hatuombi hotuba. Tunaomba tarehe, tunaomba mji, na tunaomba kusikia kwamba Zanzibar imekwisha andikiwa barua.